Kocha Aliyekuwepo: Chiquinho Conde na Mambas, Kama Wanavyotazamwa Quitunda

Tarehe 22 Januari 2024, saa sita ya usiku ikikaribia, watu wa Quitunda walianza kubeba viti vyao. Ghana ilikuwa inaongoza mabao mawili kwa bila, yote ya penalti, yote ya Jordan Ayew, na dakika tisini zilikuwa zinayoyoma. Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi na si mtu wa maneno mengi, alisema, "Ni walewale," akajitwika kiti chake cha plastiki kichwani, akaenda zake. Hakufika nyumbani. Katika dakika ya kwanza ya nyongeza Geny Catamo alifunga penalti. Katika dakika ya nne ya nyongeza ilipigwa kona, Reinildo Mandava akaruka na kupiga kichwa, ikawa mbili kwa mbili. Mjomba alirudi mbio, mikono mitupu. Mpaka leo hatujui kile kiti kilichukuliwa na nani.

Neno lake lile, "ni walewale", ndilo lililonisukuma kuandika insha hii. Lilikuwa neno la haki kabisa. Kabla ya mashindano yale ya Côte d'Ivoire, Msumbiji ilikuwa imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne: Misri 1986, Afrika Kusini 1996, Burkina Faso 1998 na Angola 2010. Jumla ya mechi zilikuwa 12. Sare zilikuwa 2, vipigo 10, ushindi haukuwepo hata mmoja. Mwaka 1986 timu ilirudi nyumbani bila kufunga hata bao moja. Mtu aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa kuoa na kuzaa, na bado hajaiona timu yake ya taifa ikishinda mechi katika fainali hizo.

Siku hizi kocha Chiquinho Conde husimuliwa kama mtu aliyetoka mahali fulani akaja kuwaokoa walewale. Masimulizi ya namna hiyo ni matamu, na mitaani yanatosha. Lakini tukiyapima kwa kalamu ya mwanahistoria yanapwaya, kwa sababu Conde mwenyewe ni mmoja wa walewale. Alikuwa mchezaji wa Msumbiji katika mashindano ya 1986, ya 1996 na ya 1998. Alikuwa kocha katika yale ya Côte d'Ivoire, ambayo nayo yalimalizika bila ushindi. Hivyo, kati ya mashindano matano ya ukame, manne yalikuwa yake. Hoja yangu ni kwamba namna yake ya kufundisha haieleweki bila kuikumbuka hesabu hiyo.

Kwanza nieleze kwa nini natazama jambo hili kutoka Quitunda, maana mwalimu anayesoma anaweza kuuliza kijiji kina uhusiano gani na kocha. Quitunda ni kijiji kipya. Kilijengwa katika rasi ya Afungi ili kupokea familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi asilia, na familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Nyumba zimepangwa kwa mistari, na wengi wa waliohamia walikuwa wavuvi na wakulima wa vijiji vya karibu na maji. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia huku, wakalala popote palipokuwa na nafasi. Kwa hiyo ni kijiji cha watu waliosogezwa, kisha kikawa kijiji cha watu waliokimbia.

Ni kijiji pia ambacho kiko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko Maputo. Kwenda Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Mto Ruvuma uko hapo kaskazini, na ng'ambo ya mto ni Mtwara. Tunazungumza Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, na Kireno tunakikuta shuleni na ofisini. Vijana wa hapa hubishana kuhusu Simba na Yanga kwa ukali kuliko wanavyobishana kuhusu Ferroviário na Maxaquene. Hata maneno yenyewe yamechanganyika: mzee atasema bao, mtoto wake atasema golo, na wote wawili watashangilia kitu kilekile. Jina la timu nalo lina vituko vyake. Mambas ni yule nyoka mweusi, lakini mtu wa kando ya Ruvuma akisikia "mamba" humwona yule wa mtoni. Bibi yangu aliishi miaka mingi akiamini kwamba nchi yetu inawakilishwa na mamba wa kwenye maji, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Basi swali la Mambas kwetu halikuwa la mpira peke yake. Timu ya taifa kwa kawaida huchezea Maputo. Kwa mjomba ilikuwa "timu ya kule kusini", na Taifa Stars ya Tanzania ilikuwa timu inayotangazwa kwa lugha anayoielewa. Mtu akimwambia kwamba yule kocha ni wetu, angemuuliza: wetu nani?

Conde alizaliwa Beira tarehe 22 Novemba 1965, miaka kumi kabla ya uhuru. Mpira wa Msumbiji wakati huo ulikuwa chemchemi ya watu wengine. Eusébio na Mário Coluna walitoka Msumbiji wakaipa Ureno sifa iliyozagaa duniani mwaka 1966. Baada ya uhuru wa 1975 mlango ulifungwa, na serikali ya wakati ule haikutaka wachezaji wake waende kuuza miguu yao nje. Ulipokuja kufunguliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, Conde, aliyekuwa Maxaquene, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupita kwa ruhusa. Akaenda Belenenses ya Lisbon. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Ureno mwaka 1989 kwa kuifunga Benfica 2-1 katika fainali, na yeye alikuwa mchezaji wake.

Kipindi chake ninachokiona kuwa na maana kubwa kwa ukocha wake ni kile cha Vitória ya Setúbal. Huko alicheza pamoja na Rashidi Yekini wa Nigeria, ambaye katika msimu wa 1993/94 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno kwa mabao 21. Watu wanamkumbuka Yekini, na ni haki yao. Lakini mshambuliaji wa aina ile, mkubwa, mwenye kasi ya kukimbilia nafasi iliyo wazi nyuma ya mabeki, anahitaji mwenzake wa kumpa mpira kabla nafasi haijazibwa. Kazi hiyo inamtaka mtu aone mambo mawili kwa wakati mmoja: mpira ulipo, na mahali ambapo beki ataacha pengo baada ya sekunde mbili. Conde aliifanya kazi hiyo. Baadaye alichezea Sporting, na mwaka 1997 alivuka hadi Marekani, akachezea New England Revolution na Tampa Bay Mutiny. Alikuwa mtu wa klabu zinazoshinda na zinazoshindwa, nchi hii na ile.

Halafu kila alipoitwa kwenye timu ya taifa alirudi kwenye kushindwa kwa aina moja. Mwaka 1986: kufungwa na Misri, na Senegal, na Côte d'Ivoire. Mwaka 1996 ilipatikana sare ya 1-1 dhidi ya Tunisia, kisha vipigo viwili. Mwaka 1998, Misri 2-0, Morocco 3-0, Zambia 3-1. Nimeitazama orodha hii mara nyingi, na kinachonigusa ni jinsi vipigo vyenyewe vilivyo vya kawaida. Msumbiji haikuwa inafungwa mabao saba. Ilikuwa inafungwa mawili au matatu, kama mtu anayelipa kodi. Ilifika, ikacheza, ikafungwa kwa heshima, ikaaga. Nadhani hiyo ndiyo hali iliyo ngumu zaidi kuitibu. Timu inayodhalilishwa hukasirika, lakini timu inayofungwa kwa heshima hujizoeza.

Mashindano ambayo Conde hakuwemo ni yale ya 2010, na hapo lazima nimtaje Mholanzi Mart Nooij, kwa sababu historia yake inapita juu ya mto wetu. Nooij aliifundisha Msumbiji kuanzia 2007 hadi 2011. Tarehe 8 Septemba 2007 alikwenda Dar es Salaam, katika uwanja mpya wa taifa, akaifunga Taifa Stars ya Mbrazili Marcio Maximo 1-0 kwa bao la Tico-Tico, na Tanzania ikakosa fainali za 2008. Novemba 2009 aliifunga Tunisia 1-0 mjini Maputo, akaipeleka Msumbiji Angola. Huko Benguela, Benin ilitangulia kwa mabao mawili katika dakika ishirini za kwanza, na Msumbiji ikasawazisha yote mawili. Kisha ikafungwa na Misri na Nigeria.

Miaka michache baadaye, mwaka 2014, Nooij akaajiriwa na Tanzania. Mechi za mashindano za mwaka huohuo zikamkutanisha na nani? Na Msumbiji. Dar es Salaam ilikuwa sare 2-2, Maputo Mambas ikashinda 2-1, na Mholanzi akatolewa na timu aliyoilea mwenyewe. Mwezi Juni 2015, baada ya Stars kufungwa 3-0 na Uganda kule Zanzibar, alifukuzwa. Mjomba anaikumbuka habari hii kwa furaha ya ajabu, kwa kuwa ndiyo pekee katika mpira wote ambamo hakujua ahuzunike upande gani. "Alivuka mto," husema, "na mto ukamvuka."

Ninamleta Nooij ili nisimdhulumu. Kusawazisha baada ya kutanguliwa hakukuanza na Conde. Benguela ilikuwa shahidi. Tofauti ninayoiona ni ya aina nyingine. Nooij alikuwa mwalimu mzuri aliyekuja, akafanya kazi, akaondoka na kuvuka mpaka, kama ilivyo kazi ya makocha wa kigeni Afrika nzima. Alilolifundisha liliondoka naye au lilibaki vichwani mwa wachezaji wachache. Baada ya 2010 Msumbiji ilikaa miaka 13 bila kufuzu tena.

Conde alirudi kwa njia ndefu. Alifundisha klabu za nyumbani, zikiwemo Ferroviário ya Maputo, Vilankulo na Maxaquene, kisha União Desportiva do Songo. Songo ni mji mdogo mkoani Tete, jirani na bwawa la Cahora Bassa, mbali na Maputo na makelele yake. Mwaka 2017 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu, Moçambola, kwa mara ya kwanza katika historia yake, Conde akiwa kocha. Kwa mtu anayetaka kuelewa mtindo wake, naona ubingwa ule ni ushahidi muhimu kuliko miaka yake yote ya Ulaya: alichukua timu ya pembeni, akaifikisha juu ya zile za mji mkuu.

Oktoba 2021 alipewa Mambas, akichukua nafasi ya Mreno Horácio Gonçalves. Ilikuwa miezi saba baada ya Palma. Sisi wakati huo hatukuwa na habari na kocha yeyote. Tulikuwa tunahesabu ndugu. Lakini sasa nikirudi nyuma kwa tarehe naona jambo ambalo sikuliona. Mechi ya kwanza ya Conde ya kutafuta tiketi ya Côte d'Ivoire, dhidi ya Rwanda, Juni 2022, Msumbiji ilikuwa mwenyeji wake, na ilichezwa Johannesburg, kwa kuwa uwanja wa Zimpeto haukuwa umeidhinishwa. Timu ya taifa nayo ilikuwa haina kwake. Matokeo yalikuwa 1-1. Siku chache baadaye ikaenda Benin ikashinda 1-0. Ile timu isiyokuwa na nyumba ilipata ushindi wake wa kwanza wa safari ile ugenini.

Sasa mtindo wenyewe. Nilipomuuliza mjomba, baada ya mechi ya Ghana, anaonaje uchezaji wa Conde, hakunijibu kwa maneno ya mpira. Alisema: "Anavua kwa wando." Kwa wasomaji wa bara, wando ni ule uzio wa fito unaosimikwa ufukoni. Unausimika maji yakiwa yamekupwa. Bahari ikijaa, samaki huingia wenyewe, wakijiona wako huru kabisa. Maji yakianza kutoka, njia imekuwa ndogo, na mvuvi anakwenda kuwachukua kwa miguu. Wanaotumia nyavu huwafuata samaki. Mwenye wando hukaa akingoja maji yageuke.

Sijasoma maelezo mazuri kuliko hayo. Timu za Conde mara nyingi humwachia mpinzani mpira. Mabeki wanne na viungo wawili hukaa karibu karibu, nafasi kati ya mistari inaminywa, na mpinzani anapanda mpaka mabeki wake wa pembeni wamesahau walikotoka. Kisha mpira unanyakuliwa na kupelekwa haraka pembeni, kwa Catamo kulia au Witi kushoto, wakimbiaji wanaojua kumkabili beki mmoja kwa mmoja. Pasi ile ya kwanza baada ya kunyakua ndiyo kila kitu, na ndiyo pasi ambayo Conde aliipiga miaka na miaka kwa ajili ya wengine. Nikimtazama Catamo, ambaye naye anavaa jezi ya Sporting ambayo kocha wake aliwahi kuivaa, naona mchezaji anayeelezwa kazi na mtu aliyeifanya.

Tarehe 14 Januari 2024 Abidjan ilionyesha mtindo huo ukiwa katika ubora wake. Misri ilifunga dakika ya pili tu. Timu za zamani za Msumbiji zingeanza kuhesabu dakika. Hii ilikaa kimya hadi kipindi cha pili, na ndani ya dakika chache Witi akasawazisha, Clésio akafunga la pili, na Misri, bingwa mara saba wa Afrika, ikawa nyuma. Mohamed Salah aliiokoa kwa penalti katika dakika ya saba ya nyongeza. Siku tano baadaye Cape Verde ikashinda 3-0, bao la kwanza likiwa mpira wa adhabu wa Bebé kutoka mbali mno. Kisha ikaja Ghana na kiti cha mjomba. Msumbiji ilimaliza ya mwisho katika kundi, pointi 2. Ukisoma jedwali tu utasema hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo jedwali linapomdanganya mwanahistoria mvivu.

Kuna jambo jingine katika kazi ya Conde ambalo linazungumzwa kidogo: hatupi watu. Elias Pelembe, maarufu kama Domingues, alikuwa katika kikosi cha Nooij kule Angola. Alikuwemo tena katika kikosi cha Conde kule Côte d'Ivoire, akiwa na miaka 40. Wapo waliocheka, wakisema kocha anaendesha nyumba ya wazee. Mimi naona alihitaji mtu mmoja ndani ya chumba cha kubadilishia nguo ambaye alikuwa ameonja kipigo cha zamani na bado alikuwa anafunga kamba za viatu. Upande wa pili, Januari 2023, katika mashindano ya CHAN kule Algeria, ambako hucheza wale tu wa ligi za nyumbani, hakuwa na Reinildo wala Catamo. Aliifikisha Msumbiji robo fainali kwa mara ya kwanza, ikatolewa na Madagaska 3-1. Kwa hiyo wanaosema mafanikio yake yametokana na nyota wawili wa Ulaya waende kwanza wakaitazame timu ile.

Sitaki kumpamba. Wando una udhaifu wake, na kila mvuvi anaujua: fito moja iking'oka mapema, samaki wote wanatoka. Senegal ilimfunga 5-1 Machi 2023. Algeria ilimfunga 5-1 Machi 2025. Hizo si ajali. Timu iliyojengwa kungoja hupata shida kubwa inapolazimika kuufuata mpira, kwa sababu ikipanda inaacha nyuma yake pengo lilelile inalolitafuta kwa wengine. Conde hajapata dawa ya tatizo hilo, au kama anayo hajaitumia dhidi ya vigogo. Wakosoaji wake wakisema kwamba anajua kusubiri kuliko kutawala mchezo, sina la kuwajibu, isipokuwa kuuliza ni kocha gani mwingine wa Msumbiji aliyewahi kufika mahali pa kulaumiwa kwa jambo hilo.

Tena alifuzu mara mbili mfululizo. Novemba 2024, Msumbiji ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, timu yake ilishinda 2-1 ugenini Guinea-Bissau na kukata tiketi ya Morocco. Mechi ya kwanza kule, mkesha wa Krismasi 2025, ilifungwa na Côte d'Ivoire 1-0. Mjomba alisema neno lake lilelile, ila safari hii alibaki amekalia kiti. Nilidhani ni uchovu, akaniambia, "Mpwa wangu, nina kiti kimoja tu sasa."

Tarehe 28 Desemba, Agadir, dhidi ya Gabon. Faisal Bangal alifunga. Catamo akaongeza kwa penalti. Kabla ya mapumziko Pierre-Emerick Aubameyang akapunguza, na watu kijijini wakaanza kutazamana, maana kila mtu aliijua hadithi inavyokwisha. Diogo Calila akafunga la tatu mwanzoni mwa kipindi cha pili. Gabon ikarudisha tena, 3-2, ikiwa imebaki takriban robo saa. Robo saa hiyo ndiyo ninayoiita mtihani wa kazi yote ya Conde. Wando ulikuwa umeshajaa. Kilichobaki ni kuuzuia usibomoke kabla maji hayajatoka. Hawakurudi nyuma wote golini kama watu waliopigwa na hofu. Walishikana mistari yao, wakamlazimisha Mgabon apite pembeni, krosi zikaja, zikaondolewa, moja baada ya nyingine. Filimbi ikapigwa. Ilikuwa mechi ya 17 ya Msumbiji katika fainali hizo, na ushindi wa kwanza.

Nikafikiri juu ya mtu yule kwenye benchi, mwenye miaka 60. Umri wa miaka 20 alikuwa Misri akiangalia mabao saba yakiingia katika lango lao katika mechi tatu, bila wao kufunga. Miaka karibu arobaini ilikuwa imepita. Karibu wachezaji wote waliokuwa uwanjani Agadir walizaliwa baada ya mashindano yale. Yeye peke yake, kati ya wote, alikuwa akiongoza mechi ya 17 akiwa ameishi na ile ya kwanza.

Ushindi ule ulitosha kuwapitisha. Walifungwa na Cameroon 2-1 lakini pointi tatu zikawaingiza katika hatua ya 16 bora kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Na ajabu ni kwamba Tanzania, iliyokuwa kundi jingine, nayo ilipita kwa sare mbili, dhidi ya Uganda na Tunisia, ikiwa mara yake ya kwanza kufika hapo. Wiki ile pande zote mbili za Ruvuma zilikuwa zimebaki kwenye mashindano, na Quitunda ilikuwa katikati, haijui iweke redio wapi. Tarehe 4 Januari 2026 Morocco iliitoa Tanzania 1-0. Kesho yake, mjini Fès, Nigeria iling'oa fito mapema na kushinda 4-0.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilipita kwenye kiwanja cha mchanga, nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba. Watoto walikuwa wanagawana timu. Kwa kawaida ugomvi wao ni nani awe Simba na nani awe Yanga. Siku hiyo kulikuwa na ugomvi mwingine, mkubwa, mpaka mmoja akakaa chini akilia: wote walitaka kuwa Mambas, na hakuna aliyekubali kuwa Gabon.